Maji ya Kulinganishia

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linagoma kukanyaga cherehani asubuhi mpaka ulitukane kwanza, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Mimi ni mzima. Bado naishi chumba kile kile juu ya duka la vioo vya madirisha, na mwenye nyumba bado ananiuliza nitaolewa lini kila tukipishana ngazini. Nimemwambia nimeshaolewa na samaki. Alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa.

Nina mambo mawili, na yote mawili mzigo wake ni wako.

La kwanza ni mdogo wangu. Ana mimba tena. Unajua zile mbili za kwanza zilivyoharibika, na unajua alivyokuwa baada ya ile ya pili, hasemi na mtu, anafua nguo safi. Daktari amemwambia apumzike, lakini atapumzikaje huku? Shemeji yuko barabarani na lori lake wiki nzima, na nyumba yao inapakana na karakana ya mabati. Nimeongea nao wote wawili, wamekubali. Anakuja kwako mpaka ajifungue. Nimemwambia, nenda kwa Shangazi, ulale, ule, na kila asubuhi kabla ya chai unywe glasi mbili za maji ya chemchemi ya kwetu. Nakuomba umsimamie kwa hilo, maana ni mvivu wa kunywa maji tangu utoto. Maji ya mfereji wa huku najua yanakotoka. Ndiko ninakovua.

La pili ni kazi yangu. Umeniuliza mara nyingi nafanya nini na samaki wasioliwa, nami nakujibu hovyo. Sikiliza basi. Ndani ya damu yetu zimo homoni, yaani amri ndogondogo zinazouambia mwili sasa kua, sasa zaa, sasa pumzika. Samaki naye anazo. Sasa yako maji yaliyoingiwa na madawa na sabuni na uchafu wa viwanda, na ndani yake mna vitu vinavyoiga sauti ya zile amri. Samaki akikaa humo, mwili wake haujui umsikilize nani. Mimi nafuata uzazi wa perege mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Lini mayai yanakomaa, lini madume wako tayari, lini wanapumzika. Mzunguko ukivurugika, najua kuna kitu majini.

Lakini siwezi kusema mto wa huku ni mgonjwa bila kuwa na maji mazima ya kulinganishia. Profesa aliniuliza nitayapata wapi. Sikufikiri hata kidogo, Shangazi. Nilimwambia, kwetu.

Kwa hiyo basi la mizigo litakuletea kasha la chupa zenye dawa ya kuhifadhia. Kila mwezi nivulie perege wakubwa kwenye kidimbwi cha chemchemi, pale pale tulipokuwa tunaogelea. Usiivute pumzi hiyo dawa, na andika kila chupa kwa penseli, wino unafutika.

Mpwa wako anayekusumbua

*

2 Februari

Bibi Perege,

Marahaba, mwanangu. Goti linakusalimu, limesema halina la kuongeza.

Mgeni wetu amefika salama. Alishuka kwenye basi uso umemkauka kama karatasi, lakini sasa anakula, na jana alinichokoza kuhusu kofia yangu ya kulalia, nikajua anapona. Nimempa chumba cha marehemu baba yako, upande wa jua la asubuhi. Glasi mbili zako anazinywa mbele yangu, nimesimama kama askari. Akijifanya ameshiba namwambia, dada yako ni mtu wa maabara, wewe ni nani umbishie?

Samaki wako hao. Nilianza na kikapu, wakanicheka. Nikachukua lile pazia la kitambaa cha matundu la sebuleni, lile ambalo baba yako alilichukia mpaka anaingia kaburini, nikalifunga kwenye miti miwili. Loo! Linavua kuliko lilivyokuwa linapamba. Penseli yako nimeiona lakini mimi na penseli tuliachana shuleni. Nimekushonea majina kwenye vipande vya shuka kwa uzi mwekundu, tarehe na neno CHEMCHEMI, nikavitia ndani ya chupa. Uzi wangu haufutiki, vaa ufue.

Jike mmoja nilipomshika alinitemea watoto mkononi. Wadogo kama punje za mtama, wana macho! Kumbe anawalea mdomoni? Sasa nimejua kwa nini samaki hasengenyi mtu. Nilimrudisha. Unisamehe, lakini siwezi kumtia mtu kwenye dawa akiwa na watoto mdomoni.

Mengine ni ya kawaida. Paa la jikoni linavuja. Kule juu ya mlima siku hizi kuna watu wa shamba kubwa la mboga, wanabeba mashine za kupulizia migongoni kama wanafunzi na mabegi, na harufu yake upepo ukigeuka huku unakohoa. Jirani yangu wa mashine ya kusaga amenunua redio mpya na anataka kijiji kizima kijue.

Shangazi yako, mvuvi wa pazia

*

10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Majina yako ya uzi yamezua kicheko maabara nzima. Fundi wetu, mzee mkimya asiyecheka na mtu, ameomba umshonee jina lake kwenye koti. Samaki wamefika wazima, kwa maana ya wafu wazima.

Mdogo wangu aniandikie hata mistari miwili. Au mwambie nimefurahi kuhusu kofia.

Mto wa huku ni msiba. Karibu nusu ya madume niliowapasua wana mayai ndani ya korodani. Nisamehe kwa lugha, lakini wewe umezoea kupima watu suruali. Chini ya hadubini mbegu za dume huonekana kama vumbi laini, na katikati ya vumbi hilo naona duara kubwa, jeupe, limetulia kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenye nyumba. Yai. Nilipoliona la kwanza nilipiga kelele ya furaha, Mungu anisamehe, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilipoona la kumi nilikaa chini.

Samaki wako bado wako foleni. Kila mmoja anagandishwa kwenye nta, anakatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anatiwa rangi. Mashine ni moja na watafiti ni wengi, na kila mmoja anajiona ndiye mwenye haraka. Lakini sina wasiwasi na hao. Nikichoka na mto huu najiambia, ipo chemchemi.

Mwambie asiache glasi zake.

Mpwa wako

*

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzee wako nitamshonea koti zima na jina lake juu, aniletee kipimo cha mabega.

Mtoto anacheza! Nikikanyaga cherehani anapiga teke, nikiacha naye anaacha. Mdogo wako anasema atakuwa fundi. Mimi nasema atakuwa mlalamishi kama babu yake. Hizo mbili za kwanza hazikuwahi kufika hapa, kwa hiyo kila teke tunalipokea kama mgeni wa heshima. Jana alilia kwa furaha juu ya sahani ya maharage mpaka nikalazimika kumwongezea, maana aliyabadilisha yakawa ya chumvi. Mkwe wangu alipita na lori, akaweka mkono tumboni, mtoto akanyamaza kimya. Akasema, "Ananiogopa?" Nikamwambia anakupima kwanza.

Nimeshona vinguo vya manjano, kwa sababu sijui ni nani anakuja.

Sasa jambo la samaki. Majike wana matumbo, lakini siku hizi midomo mitupu. Mwezi huu sikupata hata mmoja mwenye watoto, na huu ndio wakati wao, tangu nikiwa msichana. Nimemwambia mdogo wako labda wameanza uzazi wa mpango. Tulicheka. Lakini wewe ndiye mwenye elimu, tuambie. Na mbona hujatuambia samaki wetu wana nini? Wa mto umewasema mpaka wamechoka.

Shangazi yako

*

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Mimi mzima.

Nataka kukuuliza jambo, na nakuomba uniambie kweli, sitakasirika. Wale samaki uliwavua wapi hasa? Najua goti lako na najua njia ya chemchemi ina mawe. Kama siku nyingine ulivulia pale chini darajani, penye maji ya kuoshea magari, niambie tu. Siyo kosa. Ni lazima nijue.

Nivulie wengine, tafadhali, mapema iwezekanavyo. Kidimbwini. Uende na mtu.

Na jambo jingine dogo, maji ya kunywa yachemsheni. Ni tahadhari ya kawaida tu kwa mjamzito.

Mpwa wako

*

19 Mei

Wewe,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba nitaitoa ukiniomba radhi.

Darajani! Mimi? Mimi niliyekufundisha wewe kuoga kwenye hicho kidimbwi, niliyekutoa luba mguuni ukiwa unalia kamasi, leo nikudanganye mahali kilipo? Nimeshuka ile njia na goti langu kila mwezi kwa makalio pale penye mawe, watu wamenicheka, nikasema acha wacheke, mtoto wangu ana kazi. Na wewe umekaa kwenye kiti chako huko unaandika "siyo kosa". Asante kwa msamaha.

Samaki wengine hawa hapa. Mdogo wako alikaa juu ya jiwe na tumbo lake akinitazama navua, kama shahidi mahakamani. Nimeshona na jina lake kwenye kila kitambaa. Ukitaka na kidole chake nitakutumia.

Haya. Kwa nini tuchemshe? Januari ulisema maji mazima. Februari nimesimama kama askari. Sasa yachemshwe. Nimenunua gunia la mkaa na tunachemsha, lakini mimi ni mtu mzima, na mtu akiniambia "jambo dogo tu" mwishoni mwa barua fupi najua hilo ndilo jambo lenyewe. Umeona nini?

Shangazi yako, kama bado unanitambua

*

15 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na naomba radhi. Nimekosa adabu na sina la kujitetea.

Huku mvua imeacha. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani na kila mpangaji amepita na kiatu chake kabla haijakauka, sasa anatukagua soli kama polisi. Duka la chini limepasukiwa kioo kikubwa, mlio wake ulinirusha moyo mpaka nikamwaga chai. Yule fundi amepata vipimo vya mabega yake, nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Profesa ana safari. Mimi ninakula, kwa hiyo usiulize.

Nimefikiri, ingekuwa vizuri mdogo wangu arudi huku akajifungulie hospitali kubwa. Chumba changu kinatosha, nitalala chini. Aje mapema, hata wiki hii. Huko ni mbali na daktari, na historia yake unaijua. Ni hilo tu, sina sababu nyingine.

Wale watu wa shamba la juu ya mlima, walianza lini hasa kulima?

Mpwa wako anayekupenda

*

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba, nimesamehe. Lakini usinichezee.

Mdogo wako amekataa kuja. Amesema, "Dada ndiye aliyenileta hapa kwa ajili ya maji safi, sasa nirudi mjini kufanya nini?" Anakuamini kuliko anavyomwamini daktari. Jumapili alipanda mlimani penye mtandao, kwa mwendo wa konokono, akakupigia. Alirudi anacheka peke yake njiani. Akasema mmeongea muda mrefu, mmechagua majina, ya kiume mawili na ya kike matatu. Basi mimi nikajua hakuna baya, maana lingekuwepo ungemwambia. Halafu basi likaleta barua yako, rangi ya ngazi na soli za viatu, na mwishoni kabisa, shamba la mlimani.

Shamba hilo nilikuambia tangu barua yangu ya kwanza. Mashine za mgongoni, harufu, kukohoa. Hukuuliza hata nusu ya neno. Walianza mwaka juzi, baada ya baba yako kufa. Wanapulizia karibu kila wiki, na mvua ikinyesha maji ya mashambani yanateremka upande wetu. Yatateremka upande gani mwingine?

Mtoto anashuka sasa, mama yake analala ameketi. Maji tunachemsha mpaka jikoni kumekuwa kama kiwanda. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema.

Shangazi

*

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, nimemwapisha.

Samaki wa chemchemi wana ugonjwa ule ule. Niliona Aprili, siku tatu kabla barua yako ya vinguo vya manjano haijafika. Dume wa kwanza alikuwa na mayai. Nikasema vioo vya hadubini vimechanganywa. Nikatafuta jina ndani ya chupa, nikakuta uzi mwekundu, CHEMCHEMI, mkono wako, ile E yako inayoinama. Nikasema basi umevulia darajani. Nikapenda uwe mwongo, Shangazi, unaona nilipofika? Ukaleta wengine na jina la mdogo wangu juu yao. Karibu nusu, kama wa mto. Na majike wako wanabeba mayai yasiyokomaa, mzunguko wao umesimama. Ndiyo maana midomo mitupu. Wewe uliona kwa macho kabla ya hadubini yangu, nikakusoma kama mzaha.

Kuchemsha hakusaidii. Nilijua hakusaidii wakati naandika. Kunaua vijidudu, lakini vitu hivi si vijidudu. Niliandika kwa sababu nilihitaji kuwaambia jambo, na lile la kweli halikutoka. Na Jumapili ile nilikuwa naye sikioni, anapumua kwa kupanda mlima, ana furaha. Nikachagua majina.

Sisemi kwamba maji haya yanamdhuru mtoto. Samaki anaishi ndani yake, mtu anakunywa glasi. Vipimo vya watu ni vingine na mimi sinavyo. Lakini asiyanywe tena. Kingeni mvua, nunueni, azimeni. Na aje huku. Mwambie wewe, au msomee hii. Mimi ndiye niliyemtoa huku nikamleta huko. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa na uhakika, basi. Sikuwahi kuyapima maji ya kwetu hata siku moja. Nani anapima maji ya kwao?

Mpwa wako

*

30 Julai

Mwanangu,

Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume. Alizaliwa tarehe 12 alfajiri, kabla ya siku zake, na hakulia. Mkunga alimpigapiga, akampulizia, akafanya yote, nilikuwepo. Tumemvika ya manjano. Mkwe wangu alifika na lori mchana, akamchukua kwa mikono yote miwili, akanipa mimi, akaenda kuwasha gari, akazima, akawasha tena.

Barua yako ililetwa tukiwa tumetoka kumzika. Dereva alisema ulimwapisha, kwa hiyo hakumpa mtu mwingine yeyote, na basi lake liliharibika njiani siku tatu. Niliisoma jikoni nimesimama. Yeye aliniona nasoma, akanyoosha mkono. Nikampa. Sikuwa na nguvu ya kumnyima, na ulisema asomewe.

Ameisoma mara mbili. Halafu akauliza swali moja tu, nami nalileta kwako kama lilivyo, ni maji?

Jibu hilo. Usiniandikie rangi ya ngazi.

Shangazi

*

17 Agosti

Shangazi, na mdogo wangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu barua ifike. Poleni ni neno dogo, lakini ndilo nililo nalo. Poleni. Nilitaka kupanda basi nije, nikafika kituoni, nikakosa uso wa kuja nao.

Sijui. Hilo ndilo jibu. Mimba mbili za kwanza zilitoka huku mjini, kabla ya chemchemi. Watoto wengine huzaliwa hivyo na hakuna anayejua kwa nini. Inawezekana ni maji, inawezekana si maji, na hakuna kipimo chochote sasa kitakachosema. Ningeweza kusema ndiyo, mkanichukia, nami ningepumzika. Ningeweza kusema hapana. Yote mawili yangekuwa uongo.

Nilimpelekea Profesa vioo vyote. Nikamwambia mto ni mgonjwa na chemchemi ni mgonjwa. Akaniuliza, "Umelinganisha na nini?" Nikasema na chemchemi. Akasema, "Basi umeonyesha kuwa vinafanana." Nikamwomba mahali pa tatu pa kulinganishia, mwaka mwingine. Hakuna mwaka mwingine. Hata wa kwanza haujaisha, lakini waliotulipa walitaka taarifa, na taarifa imeandikwa kwamba kati ya mto unaopita viwandani na chemchemi ya mlimani isiyo na kiwanda haikuonekana tofauti. Kila neno ni kweli. Nimeweka sahihi. Juzi mmoja wa wenye viwanda amesimama mkutanoni akasema utafiti umethibitisha mto wetu uko sawa na chemchemi ya mlimani. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, nikasimama kusema. Mtu wa jirani yangu alidhani natafuta mlango, akasogeza miguu nipite, nami nikapita.

Mnakunywa nini sasa? Je, nitume chupa za Septemba?

Mpwa wako. Dada yako.

*

8 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuamkia. Najua hukusahau kwa dharau.

Usitume chupa. Pazia nimelirudisha dirishani. Kidimbwi bado kinang'aa mpaka chini, unaona kila kokoto, ungekiona usingeamini neno lako mwenyewe.

Umeuliza tunakunywa nini. Tulikinga mvua, mvua ikakoma. Tukanunua ya lori la matangi, yanaletwa na kijana mwenye heshima, nikamwona kwa macho yangu akijazia pale pale chini ya chemchemi. Nilipomuuliza akasema, "Mama, haya ndiyo safi kuliko yote." Kwa hiyo tunakunywa chemchemi. Unaniambia nisinywe, sawa, ninywe nini? Nilikwenda mpaka kwa watu wa shamba. Msimamizi wao alinipa kiti na kabichi mbili. Akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya kitaalamu inayoonyesha maji yana ubaya. Nikakumbuka taarifa yako, nikamwambia sina.

Sikuchukii. Nilijaribu wiki moja, goti likauma zaidi. Lakini sitakudanganya kwamba yamekwisha. Asubuhi bado natoa glasi mbili kabatini kabla sijakumbuka, nazirudisha. Nilimsimamia mimi, mwanangu. Alipokuwa hataki, nilimnywesha.

Mdogo wako anakuja kwako na basi la Alhamisi. Mumewe yuko safarini, atamfuata huko. Mpokee kituoni na usilie mbele ya watu, hapendi. Anazungumza kidogo, anafua nguo safi.

Nilimwambia, unarudi mjini, na maji ya huko dada yako alishayasema, ni yale yale tu. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Najua, Shangazi, lakini huko hakuna aliyeniambia ni safi."

Shangazi yako